Vifaranga, sarafu na programu niliyokataa kuunda

Haya, leo naomba tuweke seva na misimbo kando kidogo, tuzungumze kuhusu kuku. Najua wengi wenu huja hapa kusoma mambo ya tarakilishi, na huenda mkajiuliza kama nimebadilisha kazi. Bado sijabadilisha. Vumilieni kidogo, maana kisa chenyewe kilianza na mtu aliyetaka nimwandikie programu ya simu.

Mtu huyo ni kijana wa Ruiru mwenye kiangulio, ile mashine ya kuangulia mayai. Huuza vifaranga wa kienyeji wa siku moja, na wateja wake wengi wanatafuta mayai, kwa hivyo kila mmoja humwuliza swali lile lile: hawa ni majike au ni majogoo? Alikuja nyumbani akiwa na wazo tayari. Mtu anaweka vifaranga kwenye sanduku, anawaelekezea kamera ya simu kwa dakika tano, halafu programu inaandika juu ya kila kichwa: "jogoo" au "tembe". (Tembe ni kuku jike ambaye hajaanza kutaga, kwa wale waliokulia mjini.)

Kanuni alikuwa nazo, tena aliziandika kwenye karatasi:

1. Gonga sanduku. Anayesimama wima na kunyoosha shingo ni jogoo. Anayekimbilia kona na kujikunyata ni tembe.
2. Mshike miguu, umning'inize kichwa chini. Anayejikunja kuinua kichwa ni jogoo. Anayetulia ni tembe.
3. Mwaga chakula. Anayefika kwanza na kuwasukuma wenzake ni jogoo.

"Hiyo ni kazi ya wiki mbili tu kwako, ndugu yangu," akaniambia. Malipo ya kwanza alikuwa tayari kuyatuma kwa M-Pesa hapo hapo.

Nakiri nilishawishika. Kazi yenyewe haikuwa ngumu sana. Siku hizi kumfuatilia kitu kinachotembea kwenye video ni jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa tatu pale Juja anaweza kulifanya kwa zana za bure. Ningemaliza, ningelipwa, na programu ingependeza. Kilichonizuia ni shangazi yangu.

Shangazi anaishi Thika, upande wa Kiganjo. Miaka miwili iliyopita alikopa pesa kwenye chama chake akanunua vifaranga 60. Muuzaji (si huyu wa Ruiru, ni mwingine, na jina lake tuliache) alikuwa na bei mbili. Mchanganyiko, yaani wasiotenganishwa, shilingi 100 kila mmoja. "Tembe watupu", shilingi 150. Shangazi alikuwa ameahidi mwenye kibanda cha chai kwamba atamletea mayai, kwa hivyo akalipa 150. Muuzaji aligonga sanduku mbele yake, akawachagua mmoja mmoja waliojikunyata, naye shangazi akaondoka ameridhika kwa kuwa ameona kwa macho yake.

Kufikia mwezi wa tatu walikuwa wamebaki 57, na 29 kati yao walikuwa majogoo. Ni zaidi kidogo ya nusu.

Mtasema jogoo naye ana soko, na ni kweli. Aliwauza wakati wa Krismasi na hakupata hasara yote. Lakini majogoo 29 walikula chakula cha miezi mitatu kilichokusudiwa kuku wa mayai, mwenye kibanda alitafuta mtu mwingine, na marejesho ya chama hayakungoja. Kwa miezi kadhaa shangazi alikuwa akienda mkutanoni akikaa karibu na mlango. Mtu wa miaka sitini, anayeheshimiwa, anakaa karibu na mlango. Hilo ndilo lililonijia kichwani nilipokuwa nikiangalia ile karatasi yenye kanuni tatu.

Kwa hivyo nilimwambia kijana: sawa, lakini kwanza tupime. Akakubali, tena kwa moyo mmoja, maana alikuwa anaamini kanuni zake. Nataka ieleweke kwamba huyu hakuwa tapeli. Alifundishwa na babake, naye amekuwa akiona "zinafanya kazi" kwa miaka.

Tulichukua vifaranga 40 wasiotenganishwa tukawapeleka kwa shangazi, Julai, ule wakati ambao asubuhi Kiambu nzima ni baridi na ukungu. Wahenga wanasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, nasi tukafuata neno lao: nilinunua uzi wa sufu wa rangi saba, kila kifaranga akafungwa rangi moja mguu wa kulia na rangi moja mguu wa kushoto. Saba mara saba ni 49, kwa hivyo 40 walitosha bila wawili kufanana. (Uzi uwe umelegea, na uubadilishe kila wiki, la sivyo mguu unavimba.) Kijana alitoa hukumu, mimi nikaandika.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye somo la kwanza, na halikuhitaji kungoja miezi mitatu. Tulifanya jaribio mara mbili siku ile ile, saa kumi na mbili na nusu asubuhi na tena saa tisa alasiri, vifaranga wale wale na mwamuzi yule yule. Asubuhi walipatikana tembe 26. Alasiri wakapatikana 17. Waliopewa hukumu moja mara zote mbili walikuwa 23 tu kati ya 40. Vifaranga 17 walibadilisha jinsia kabla ya chai ya saa kumi!

Sababu si muujiza. Kifaranga wa siku chache hawezi kujipasha joto vizuri. Wiki ya kwanza anahitaji joto la kama nyuzi 32 hadi 35. Akisikia baridi hujikunyata na kusongamana na wenzake. Akisikia joto hutawanyika, hutembea, hunyoosha shingo. Mfugaji yeyote mzoefu huwasoma vifaranga wake hivyo: wakisongamana, ongeza jiko, wakikimbia taa na kuhema, punguza. Sanduku letu la asubuhi lilikuwa la baridi. Jaribio la kugonga sanduku lilikuwa kipimajoto, nasi tulikuwa tunakiuliza habari za jinsia.

Somo la pili lilingoja. Kijana mwenyewe alichagua tutumie hukumu za alasiri kwa sababu "wametulia". Wawili walikufa wakiwa wadogo, wakabaki 38. Kufikia wiki ya kumi na mbili hakukuwa na ubishi tena, maana upanga wa kichwani na manyoya ya shingo yalishasema. Majogoo 19, tembe 19. Kati ya 16 aliowaita tembe, kweli walikuwa 9. Kati ya 22 aliowaita majogoo, kweli walikuwa 12. Jumla alipatia 21 kati ya 38.

"Si nimepita nusu?" akauliza. Alipita, ndiyo. Lakini chukua sarafu ya shilingi kumi uirushe mara 38. Utategemea kupata kichwa mara 19, lakini mara chache itakuwa 19 kamili. Ukirudia mchezo huo siku nyingi, karibu kila siku utapata kitu kati ya 13 na 25. Kwa hivyo 21 ni jambo ambalo sarafu hulifanya bila kujua lolote kuhusu kuku. Angepatia 30 au zaidi ningekaa chini nimsikilize upya.

Najua ndege 38 si utafiti wa chuo kikuu, na sisemi ni utafiti. Nasema hivi: kijana alikuwa na kanuni hizi kwa miaka, na hii ilikuwa mara ya kwanza mtu kuandika hukumu kabla ya matokeo. Kabla ya hapo alikuwa akikumbuka tu. Na kumbukumbu ina upendeleo. Yule mkali aliyekuja kuwa jogoo unamsimulia kila mahali. Yule mkali aliyekuja kutaga unamsahau, au unasema "huyu tembe alikuwa na tabia ya kiume".

Je, basi hakuna tofauti yoyote ya tabia? Ipo, na lazima niwe mkweli. Watafiti wa Italia, akiwemo Giorgio Vallortigara, walionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba vifaranga jike, kwa wastani, wana hamu kubwa zaidi ya kurudi kwa wenzao wanapotengwa kuliko vifaranga dume. Kwa hivyo wazee hawakuokota wazo hili hewani. Lakini soma vizuri neno "wastani". Wanaume kwa wastani ni warefu kuliko wanawake, hakuna anayebisha. Sasa nikikwambia kuna mtu amesimama stendi ya Ruiru, urefu wake ni sentimita 168, niambie ni mwanamume au mwanamke, nawe uweke pesa mezani. Utasita. Tofauti ya makundi mawili inaweza kuwa ya kweli na bado isikusaidie kumjua mmoja aliye mbele yako. Na mfugaji hanunui wastani, ananunua kifaranga huyu na huyu.

Ugomvi nao ni hivyo hivyo. Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe alieleza tangu miaka ya 1920 jinsi kuku wanavyopangana kwa kudonoana, nani juu na nani chini, na kuku aliowachunguza hasa walikuwa majike. Kwa hivyo ukiona kifaranga anamrukia mwenzake kifua kwa kifua, umeona kifaranga.

Kuna jambo jingine ambalo lingetosha kunishawishi hata bila uzi wa sufu. Viwanda vya kuangulia vifaranga duniani vimetafuta jibu la swali hili kwa karibu miaka mia moja, na pesa wanazo. Miaka ya 1920 Wajapani, Kiyoshi Masui na wenzake, waligundua jinsi ya kutambua jinsia kwa kuangalia ndani ya tundu la nyuma la kifaranga wa siku moja, na tangu hapo viwanda vimelipa watu waliosomea kazi hiyo wawashike vifaranga mmoja mmoja, maelfu kwa siku. (Usijaribu nyumbani. Mkono usiofundishwa humuumiza au humuua kifaranga.) Mwaka 2022 Ujerumani ilipiga marufuku kuua vifaranga dume wa kuku wa mayai, na sasa kuna mashine zinazotambua jinsia yai likiwa bado halijaanguliwa: nyingine hupitisha mwanga kuona rangi ya manyoya ya kijusi, nyingine huchukua tone la majimaji kupima homoni. Zote zinaangalia mwili. Kama kugonga sanduku kungetosha, nani angenunua mashine kama hiyo?

Kwa hivyo nini kinafanya kazi kwetu sisi wa kawaida? Kwanza, rangi, kwa wale kuku wa mayai wa kahawia wa kampuni. Hili waunda programu mtalipenda. Kwa ndege, jogoo ana kromosomu Z mbili, jike ana Z moja na W moja. Jike humpa mwanawe wa kiume ile Z yake, na binti humpa W. Sasa chukua mama mwenye chembe ya weupe kwenye Z yake, na baba mwenye chembe za ukahawia kwenye Z zote mbili. Weupe hushinda ukahawia. Watoto wa kiume wote wamepata weupe wa mama, wanatoka weupe au manjano. Mabinti wamepata Z ya baba peke yake, wanatoka kahawia. Ni safi kama sharti la "ikiwa" na "vinginevyo".

Lakini angalia mtego. Yule binti wa kahawia akikua, ukamweka na jogoo wa jirani na kuangua mayai yake, kanuni haifanyi kazi tena, kwa sababu Z yake sasa ni ya ukahawia na haina weupe wa kuwatia alama wana wake. Nimewasikia watu wakiuza vifaranga wa kizazi hicho cha pili kwa kusema "kahawia ndio majike". Hapana. Kanuni ilikuwa ya wazazi wale, si ya rangi ile.

Pili, manyoya ya bawa. Kuna koo za kuku ambazo tembe wa siku moja ana manyoya makuu marefu kuliko yale yanayoyafunika, na jogoo yanalingana au ni mafupi. Hii nayo inafanya kazi kwa kuku waliozalishwa kwa makusudi hayo tu. Kienyeji wetu wamechanganyika, na bawa lao halijaandikwa kitu.

Tatu, subira. Wiki ya tano hadi ya nane upanga wa jogoo kwa kawaida huanza kukua na kuwa mwekundu mapema. Wiki ya kumi hadi ya kumi na mbili manyoya ya shingo na kiuno huchongoka. Kwa hivyo anayetaka tembe wa kienyeji kwa uhakika na anunue wakubwa, kwa bei yao, au anunue mchanganyiko na apange bajeti akijua nusu watakuwa majogoo. Majogoo uliowapangia ni nyama na ada ya shule. Wasiotarajiwa ni deni.

Sasa turudi kwa programu. Kijana aliniuliza: "Kama hairidhishi sana, si tuitoe tu, na anayepata jogoo tumrudishie ile shilingi 50 ya ziada?" Fanyeni hesabu pamoja nami. Vifaranga 100, ziada ya 50 kila mmoja, ni shilingi 5,000. Nusu wakiwa majogoo unarudisha 2,500. Unabaki na 2,500 kwa kutojua lolote. Na hiyo ni kama kila mteja atarudi baada ya miezi mitatu kudai shilingi hamsini hamsini. Nani atapanda matatu kutoka Thika hadi Ruiru kwa hilo? Dhamana ya namna hiyo ni biashara nzuri kwa anayekisia, ndiyo maana dhamana peke yake si ushahidi wa ujuzi.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo, na nauandika wazi. Shangazi alipoona mkono wa mtu ukigonga sanduku, bado angeweza kuwa na shaka. Angeona simu ikichora mraba wa kijani juu ya kifaranga na kuandika "tembe, asilimia 93", shaka ingekwisha. Sisi wa programu tunajua hiyo 93 imetoka wapi: imetoka kwenye video ambazo kijana mwenyewe aliziandika majina kwa kugonga sanduku. Ukipanda pojo huvuni kunde. Programu ingejifunza kwa uaminifu mkubwa kukubaliana na makosa yake, kisha ingeyauza kwa sauti ya sayansi kwa mtu aliyekopa kwenye chama.

Kwa hivyo nilikataa. Badala yake nilimtengenezea jedwali dogo la simu, kazi ya jioni moja: tarehe ya kuangua, idadi, mnunuzi, na nafasi ya kujaza baada ya wiki kumi na mbili majogoo wangapi, tembe wangapi. Sikumlipisha. Anauza mchanganyiko kwa bei ya mchanganyiko na anawaambia wateja nusu kwa nusu. Alilalamika kwamba wengine wanakwenda kwa yule anayegonga sanduku. Ni kweli wanakwenda. Lakini majuzi aliniambia kuna mama mmoja aliyerudi kununua mara ya tatu, akasema, "Wewe hukunidanganya."

Na kama wewe una kanuni yako, ya shingo, ya miguu, ya mlio, sikucheki. Huenda ikawepo ninayoikosa. Nunua uzi wa rangi saba, andika hukumu kabla, rudia jaribio asubuhi na alasiri, hesabu makosa ya pande zote mbili, kisha weka sarafu pembeni kama mshindani. Ukiishinda sarafu kwa mbali, niandikie, nami nitaiunda hiyo programu bure.

Shangazi amenunua wengine mwaka huu. Mchanganyiko, 50. Amewafunga uzi.